Chumba cha Chini ya Ngazi

Mwezi uliopita fundi alikuja kunipakia chokaa ukuta wa jikoni, uliokuwa umelowa kwa sababu ya bomba lililopasuka ndani yake. Nilimwomba angoje ukauke kwanza. Akasema hana muda, akapaka hivyo hivyo. Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Harufu ya chokaa mbichi juu ya unyevu wa siku nyingi ilinifikia kabla sijaelewa ni kitu gani, na nilipokuja kujitambua nilikuwa nje barazani nimeshika nguzo, fundi amesimama mlangoni na brashi yake ananiuliza kama naumwa. Nilimwambia ni vumbi limenipalia.

Halikuwa vumbi. Nilikuwa nimerudi Kigoma, nina umri wa miaka minane, nimekaa kwenye ngazi za saruji.

Tulikuwa tumepanga mtaa wa Gungu, kwenye jengo la ghorofa moja ambalo watu wa mtaani waliliita Ghorofani, maana jingine karibu halikuwepo. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, amehamishiwa Kigoma kutoka Iringa, na mama aliacha shamba lake la njegere kumfuata. Tulikuwa familia kumi na mbili, sita juu na sita chini, kila moja na vyumba viwili vinavyofungukia kwenye varanda ndefu. Kutoka juu ziwa lilionekana lote, maji mengi mpaka macho yanauma, na bomba letu lilikuwa kavu. Pampu ilishaungua kabla hatujahamia. Maji ya kunywa tulichota kwa watu, na mvua iliponyesha tuliweka ndoo chini ya paa. Lakini tangi la juu, lile ambalo halikutupa maji bombani hata siku moja, lilikusanya maji ya mvua na kuyavujisha polepole ndani ya ukuta wa ngazi, mpaka ukuta ukawa na ramani za kijani ambazo mimi niliziona nzuri. Chemba ya choo ilifurika kila masika. Chuma cha kushikilia kwenye ngazi kiling'oka upande mmoja na kubaki kinaning'inia hewani. Taa ya varanda ukiigusa swichi yake na mkono wenye maji, ilikurusha.

Aliyepaswa kushughulikia hayo yote ni Mzee Rashidi, msimamizi wa jengo, mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na rundo la funguo lililomvuta suruali upande mmoja. Mwenye nyumba mwenyewe alikaa Dar es Salaam, na katika wapangaji hakuna aliyewahi kumwona. Ukimwendea Mzee Rashidi na shida yoyote, alikusikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, kisha akasema, "Fundi anakuja kesho, inshallah." Sisi watoto tulimpa jina la Mzee Kesho. Wakubwa walikuwa na majina mengine. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi: Mzee Rashidi alikuwa mwongo, na kila kitu kibovu pale Ghorofani kilikuwa kibovu kwa sababu ya uongo wake. Kwamba yeye naye aliandika Dar es Salaam na hakujibiwa, hilo sikulijua, wala nadhani hakuna aliyemuuliza.

Mliokuwa watoto Kigoma miaka ile mtakumbuka mji ulivyojaa. Boti zilileta watu kutoka ng'ambo, na wengine walishuka kwa miguu kutoka mpakani, magodoro kichwani, watoto wameshikana mikono kama mnyororo. Magari meupe ya mashirika yalipita na kurudi siku nzima, na mgeni aliyekutwa mjini bila karatasi alipelekwa kambini. Neno "wakimbizi" lilikuwa kwenye redio, sokoni, msikitini na kanisani. Mimi nililichukua lilivyo. Mkimbizi ni mtu anayekimbia. Kwa hiyo haikunijia hata mara moja kwamba Mama Kaneza angeweza kuwa mkimbizi, kwa sababu sikuwahi kumwona akikimbia, wala hata akienda haraka.

Mama Kaneza alikaa chini ya ngazi. Palikuwa na chumba pale, kilichojengwa kuwa stoo, hakina dirisha, dari yake ni mgongo wa ngazi zenyewe, na ukuta wake mmoja ni ule ule uliokuwa ukinyonya maji ya tangi. Aliishi humo na binti yake Kaneza, rika langu, na mtoto mchanga wa kiume aliyekohoa kama mzee. Mzee Rashidi alisema ni jamaa zake wa upande wa Manyovu, karibu na mpaka, wamekuja kwa matibabu ya mtoto. Wapangaji Waha walimsalimia kwa Kiha, naye akawajibu kwa kitu kilichofanana nacho lakini si chenyewe. Hakuna aliyesema neno.

Kaneza alikuwa rafiki yangu, ingawa si rafiki wa kwenda naye popote. Tulicheza nyuma ya jengo tu, kwenye kamba za kuanikia, na alinishinda kwenye mdako kila siku. Alikuwa akirusha jiwe juu, anakusanya mengine manne, anadaka, na uso wake hautikisiki. Akipita mtu mgeni aliacha kusema. Hata kama alikuwa katikati ya sentensi, aliikata na kuangalia mawe. Nilidhani ana maringo. Siku moja nilimwambia hivyo, akasema, "Mama ananikataza," basi.

Mama yangu alimpelekea mama yake unga wa uji, kidogo kidogo, ndani ya sufuria iliyofunikwa. "Urakoze, mama," Mama Kaneza alishukuru kwa mikono miwili, na mimi alinishika kidevu, "urakoze, mwana wanje," yaani mwanangu. Tukiwa tunapanda ngazi kurudi juu mama aliniambia, "Mambo ya Mama Kaneza hayasemwi nje, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli. Nje nilipajua. Nje ni ng'ambo ya geti: dukani, shuleni, kwenye foleni ya maji. Sikusema huko hata neno moja, na nilijisifu moyoni kwa kulinda agizo.

Kisha Mama Zubeda akaanguka. Mama Zubeda alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mfanyabiashara wa dagaa, mama mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Asubuhi moja ya mvua alishuka na ndoo mbili, ngazi zimeota ukungu, akateleza, akanyoosha mkono kushika kile chuma na chuma kikamfuata. Alivunjika mkono juu ya kiwiko. Nilimsikia akilia, sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo, na Mzee Rashidi amepiga magoti kando yake anasema, "Pole mama, pole mama, fundi..." na Mama Zubeda katikati ya maumivu akamfokea, "Usiniambie kesho!"

Wiki ile baba aliandika barua. Si kwa mwenye nyumba, kwa huyo alishaandika mara tatu. Aliiandikia idara ya afya. Wapangaji wote walikuja kwetu kutia sahihi, na wasiojua kuandika walibonyeza dole gumba, na baba akaisoma kwa sauti yake ya darasani: choo, maji, nyaya, ngazi. Nilijivunia baba mpaka nikashindwa kula. Kwenye chakula alimwambia mama, "Watakuja kukagua. Wataingia kila chumba, na kila watakachokiona wataandika, na kikishaandikwa lazima kitengenezwe."

Mama akaacha kula. "Kila chumba?"

"Kila chumba."

"Baba Neema, na chini je?"

Baba akasema ni watu wa afya hao, hawana shida na mtu, wanatafuta mifereji. Kesho yake nilimwona ananong'ona na Mzee Rashidi uani, naye anatikisa kichwa na kumwonyesha kufuli.

Mimi lililonibaki kichwani ni lile la baba. Chumba kitakachoandikwa kitatengenezwa. Kisichoandikwa hakitatengenezwa.

Walikuja wakati wa likizo, siku mama ameenda soko la Mwanga na baba ameitwa shuleni. Bwana afya alikuwa mtu mcheshi mwenye shati jeupe. Alikuwa na wenzake wawili, mmoja amebeba karatasi, na wa pili, mwenye koti la kijivu, hakubeba kitu wala hakusema kitu. Walipanda juu. Wapangaji waliwazunguka, kila mmoja anavuta mgeni kwake: njoo uone dari, njoo uone swichi, na Mama Zubeda ametanguliza mkono wake wenye plasta kama cheti. Mzee Rashidi alifuata nyuma na funguo zake, kichwa chini. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikisubiri.

Waliposhuka walikuwa wanne tu. Wengine walibaki juu wakiendelea kulalamika wao kwa wao. Bwana afya alisimama mbele ya mlango wa chini ya ngazi, akagusa ule ukuta, kidole kikatoka na maji.

"Na hapa?"

"Stoo tu hiyo, bwana," Mzee Rashidi alisema. "Makopo ya rangi na mabomba mabovu."

"Fungua tuone."

"Ufunguo wake umepotea. Nimemwagiza fundi wa makufuli. Atakuja kesho, inshallah."

Bwana afya alicheka, akafanya alama kwenye karatasi, akageuka kwenda getini. Na mimi nikaona uovu wote wa Mzee Rashidi kwa mara moja. Kaneza ataachwa na ukuta wake. Mtoto ataendelea kukohoa. Kwa sababu ya uongo ule ule, kesho ile ile. Na hapa hapakuwa nje. Hapa palikuwa ndani, kwenye ngazi zetu.

Nikasimama. "Anadanganya! Mna watu humo. Yumo Kaneza na mama yake, na mtoto anakohoa kwa sababu ya maji!"

Bwana afya hakugeuka haraka. Nakumbuka mabega yake, yalivyosimama. Nadhani alikuwa ameshaamua kuondoka, na mimi nilimrudisha. Mwenye koti la kijivu ndiye aliyegeuka, na sasa akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Kaneza ni nani?"

"Rafiki yangu."

"Anatoka wapi?"

Nikamtazama Mzee Rashidi. Nilitegemea kuona hasira, na ningefurahi kuiona. Alikuwa amefumba macho.

Hawakuvunja mlango. Mama Kaneza aliufungua mwenyewe kutoka ndani, kufuli likiwa limening'inizwa tu kwa mapambo. Alitoka na mtoto mgongoni, ameshajifunga kanga vizuri, kana kwamba siku zote alikuwa amekaa tayari. Hakuna aliyemshika. Mwenye koti la kijivu alimuuliza karatasi zake, naye akatikisa kichwa. Kaneza alitoka nyuma yake, amebeba sufuria ya kwetu.

Ningependa kusema kwamba hapo nilielewa. Sikuelewa. Nilimwona rafiki yangu ananitazama, na nikamtabasamia, nikamwambia, "Watawatengenezea."

Akaiweka sufuria chini, karibu na miguu yangu, taratibu ili isilie.

Gari lilikuja kuwachukua kabla ya adhuhuri. Mama aliporudi sokoni chumba kilikuwa wazi na mkeka umekunjwa. Alikaa chini pale pale mlangoni na kikapu chake, akalia, na kwa kilio chake ndipo nilipoanza kuogopa. Wapangaji walikuwa wameshapata jibu. Walioshuka ngazi ile ni wageni watatu na Mzee Rashidi, basi. Nani mwingine angesema? Amewatoa wale maskini ili ajipendekeze kwa wakubwa, wasiandike uzembe wake. Mama Zubeda ndiye alikuwa wa kwanza kulisema, na likawa kweli kwa namna neno linavyokuwa kweli varandani, watu kumi na wawili wakilirudia.

Jioni waliitana kwenye varanda ya juu. Mzee Rashidi alisimama katikati, na baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti mtu aliyemzidi umri, alisema, "Mzee, shikamoo yangu utaipata, lakini sisi hatuwezi kuishi na mtu anayeuza watu. Mama mzima na watoto wake! Ulikuwa umemweka mwenyewe, ukamtoa mwenyewe?"

Nilikuwa nimekaa mapajani mwa mama. Mzee Rashidi aliangalia nyuso zote, moja moja, na macho yake yakanifikia. Nilijificha kwenye kanga ya mama. Nilimsubiri aseme. Kila pumzi nilisema, sasa.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema. Alilegeza rundo la funguo kutoka kiunoni, akaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashuka. Alishuka polepole upande wa ukutani, kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na cha kushika.

Na jengo likatengenezwa. Karatasi ya bwana afya ilifika ilikofika, na mafundi wakaja, si kesho, wiki ile ile. Pampu mpya, chemba mpya, chuma cha ngazi kikachomelewa. Chumba cha chini ya ngazi kilipakwa chokaa kabla ukuta haujakauka, na kwa siku nyingi kila nikipanda na kushuka nilibana pua. Mama alisafiri mara moja hadi kwenye kambi ambayo tuliambiwa walipelekwa, amebeba unga na nguo za mtoto. Alirudi na mzigo wake. Kwanza hakuruhusiwa kuingia, kisha jina halikuonekana. Hatukuwasikia tena. Kama yule mtoto alipona kikohozi, sijui.

Haukupita mwaka, mwenye nyumba akatuma barua tuhame wote. Jengo sasa lilikuwa zuri, na shirika moja lilikuwa limelitaka zima kwa ofisi zake. Baba aliisoma ile barua amesimama, akaisoma tena. Alielewa wakati ule, na mimi nilielewa nilipokua, kwamba tulikuwa tumeachwa kwenye uchafu ule makusudi, tuchoke, tuondoke wenyewe. Tulihamia Buzebazeba, nyumba ya kawaida yenye uwanja. Majirani wapya baba aliwasimulia habari za Ghorofani, na kila mara Mzee Rashidi alikuwemo, msimamizi aliyewauza wakimbizi. Nilikuwa nakaa pale pale, nasikiliza. Ningeweza kumkatiza. Baba hakuwa mkali kwangu hata kidogo. Alifariki akiisimulia vile vile.

Nilionana na Mzee Rashidi mara moja tu. Nilikuwa kidato cha pili, nimetumwa Ujiji kununua mawese. Alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka la mtu, amezeeka, hana funguo. Aliniita kabla sijamwona. "Wewe si binti wa Mwalimu?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu hajambo? Mama je?" Akaniuliza shule, akaniuliza kama mvua zimeharibu barabara ya kwetu. Nilijibu kila kitu nikiangalia chupa ya mawese. Nilipoaga, akasema kwa sauti ya chini, "Hukumwambia mtu?"

"Hapana."

"Usiwaambie. Ulikuwa mtoto. Kwangu mimi yameshapita."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyetuliwa mzigo wa kuni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la ngazi. La ngazi nilikuwa na miaka minane na nilitaka rafiki yangu apate ukuta mkavu. Lakini pale Ujiji nilikuwa na akili zangu, na mzee wa watu alinipa ruhusa ya kumwacha abaki na aibu yangu, na nikaipokea haraka kabla hajabadili mawazo. Sikumuuliza hata watoto wake wanaitwaje shuleni, kama nao wanaambiwa kitu.

Mzee Rashidi alipofariki nilikuwa Kigoma, nimekuja kumwona mama. Nilikwenda msibani. Wanawake tulikaa mkekani uani, na aliyekaa kando yangu alikuwa Mama Zubeda, amekonda, kicheko kimeisha, lakini ulimi ule ule. Baada ya dua aliniegemea.

"Mungu amsamehe," akasema. "Lakini wale Warundi wa watu, aliwatoa yeye."

"Hapana, Mama Zubeda," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hakuwatoa. Aliwaficha. Aliwaambia wale watu kwamba ni stoo, na walikuwa wanaondoka. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, na nilingoja. Kisha akanipigapiga goti.

"We binti una huruma kama mama yako," akasema. "Ulikuwa kitoto, ungejua nini cha kusema? Usimbebee marehemu mambo yake."

Akageukia upande wa pili, kwa mwanamke ambaye alikuwa hajaisikia habari ile, akaanza kumsimulia tangu mwanzo, tangu siku alipoanguka na ndoo. Binti yake Mzee Rashidi alikuwa anapita katikati yetu na sinia la chai, anainama kwa kila mmoja.